UZI: Sanduku la hidrojeni linalokula kilowati 1 na kutoa 6. Lipimwe vipi kabla mtu hajatoa amana?

#1 BoilaYaNyalenda
Wadau, salaam. Kuna sanduku linazungushwa kwa wenye hoteli, dobi na vituo vya kupozea maziwa kuanzia Kisumu hadi Nakuru. Maelezo ya wauzaji ni haya: uzito kilo 40, linachomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ampia 13, linakula kilowati 1 ya stima na kutoa kilowati 6 za joto kwa njia ya mvuke. Ndani kuna unga wa nikeli na kimtungi cha hidrojeni cha kubadilishwa kila miezi 6. Hakuna kuni, hakuna moshi, hakuna mionzi.

Maonyesho yanachukua saa moja. Pampu ndogo inaingiza maji, kipimajoto kinasoma nyuzi 97, mpira unatoa mvuke, mita ya muuzaji inaonyesha wati 1,000. Halafu unaombwa amana ya nusu bei ili uingie kwenye foleni.

Uzi huu si wa matusi. Nataka vipimo: nini kipimwe, kwa kifaa gani, na mtu hudanganywa (au hujidanganya) wapi.

#2 KikokotooKisumu
Wacha nikeli kwanza. Uliza pampu inaingiza maji kiasi gani kwa saa. Ili madai ya kilowati 6 yasimame, lazima iwe kama lita 8.4, na mchezo wote uko kwenye lita hizo.

Kisumu tuko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96, si 100. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ni karibu 94. Kilo moja ya maji ya nyuzi 25 inahitaji kilojuli 297 ili ifike 96. Kuigeuza yote iwe mvuke kunahitaji kilojuli 2,267 zaidi. Yaani kuchemsha ni kazi ndogo, kugeuza mvuke ndiyo kazi kubwa; kila aliyesahau sufuria jikoni anajua maji huchemka upesi lakini hayakauki upesi.

Sasa piga hesabu. Kufikisha lita 8.4 kwa saa kwenye nyuzi 96 kunakula kilowati 0.7 tu. Zile 5.3 zinazobaki zinatoka kwenye dhana moja: kwamba kila tone lililoingia limetoka likiwa mvuke mkavu. Chukua hita ya kawaida kabisa ya kilowati 1 uiweke mahali pa sanduku. 0.7 itachemsha maji, 0.3 itageuza kama nusu kilo kwa saa kuwa mvuke, na kilo 7.9 zitatoka kwenye mpira zikiwa maji moto. Kipimajoto kitasoma vilevile kwa mashine zote mbili. Mvuke utaonekana kwa zote mbili.

Kwa hivyo swali la kwanza ukifika kwenye maonyesho: mwisho wa mpira uko wapi? Ukiwa umeingizwa kwenye shimo la maji machafu au umepita dirishani, utoe uutazame.

#3 Tumaini254
Umejifunga mwenyewe, omera. Kama maji yanachemka 96 na kipimajoto kinasoma 97, basi hayo si maji tena, ni mvuke mkavu uliopita kiwango cha kuchemka. Na kuna wengine huweka kipima unyevu kwenye bomba na kinaonyesha karibu kila kitu mle ndani ni mvuke.

#4 MvukeWaOlkaria
Mzee Tumaini, nyuzi moja haithibitishi chochote. Kiwango cha kuchemka hupanda na shinikizo. Kwenye mwinuko wa Kisumu, nyuzi moja zaidi inahitaji shinikizo la ziada la kilopaskali 3 na kidogo, sawa na maji yaliyosimama sentimita 33. Mpira ukipanda ukingo wa meza halafu ukashuka, ukiwa na maji ndani, umeshapata nyuzi yako. Bado hapo hujahesabu kipimajoto cha bei rahisi ambacho kinaweza kukosea nyuzi moja bila kuona haya.

Kipima unyevu nacho kinasoma ujazo, si uzito. Kilo moja ya mvuke hapa Kisumu inajaza kama mita 1.9 za ujazo. Kilo moja ya maji ni lita moja. Chukua mchanganyiko wenye mvuke asilimia 10 tu kwa uzito: ndani ya bomba, zaidi ya asilimia 99 ya nafasi itakuwa mvuke. Macho na kipima unyevu vitakubaliana, na vyote viwili vitakuwa vimekosea kuhusu nishati. Kwenye visima vya jotoardhi kule Olkaria kinachopanda ni mvuke pamoja na maji moto, na vinatenganishwa kabla ya kwenda kwenye tabo za kuzalisha stima. Hakuna anayemlipa mtu kwa kutazama rangi ya moshi.

Kipimo cha macho kinachosaidia kidogo ni kasi. Lita 8.4 zikigeuka mvuke zote ni kama lita 4.4 za mvuke kwa sekunde. Kwenye mpira wa tundu la milimita 15 hiyo ni mita 25 kwa sekunde, kasi ya gari la kilomita 90 kwa saa. Mpira utapiga mbinja na hutathubutu kuukaribia kwa mkono. Mvuke wa nusu kilo kwa saa unatoka kwa mita 1.5 kwa sekunde, kama mtu anayetembea akiwahi matatu. Kama muuzaji anainua mpira kwa vidole na wingu linapanda polepole, jibu umelipata.

Kipimo kizuri ni cha ndoo:
Pima kilo 15 za maji ya nyuzi 25 kwenye ndoo, juu ya mzani. Ingiza mdomo wa mpira chini ya maji mpaka mzani uongezeke kilo 1 kamili. Kwa pampu hiyo ni kama dakika 7. Toa mpira, koroga, soma joto. Mvuke mkavu utafikisha ndoo karibu nyuzi 63. Mvuke chepe (uliochanganyika na maji) wa hita ya kilowati 1 utaishia nyuzi 31 au 32. Hizo ni zaidi ya nyuzi 30 za tofauti, hata kipimajoto kibovu hakiwezi kuzificha.

#5 MpungaAhero
Muuzaji akisema pampu haikuwa thabiti wakati huo? Au ndoo ilipoteza joto? Hawa watu hawakosi sababu.

#6 Fundi_Kibuye
Ndiyo maana mimi ningeacha ubishi wa mvuke mkavu na mvuke chepe kabisa. Funga mzunguko. Pipa la lita 200, pampu ya sanduku ivute maji humohumo, na mpira urudi humohumo, mdomo ukiwa chini ya maji. Kitoke mvuke, kitoke maji moto, kitoke uji, joto lote linaishia kwenye pipa na uzito haubadiliki. Hakuna dhana inayohitajika.

Kilo 200 za maji kutoka nyuzi 24 hadi 64 ni uniti 9.3 (uniti ni kilowati 1 kwa saa moja). Sanduku la kilowati 6 litamaliza kwa saa 1 na dakika 33. Hita ya kilowati 1 inahitaji zaidi ya saa 9. Zungushia pipa makapi ya mchele ndani ya magunia, ufunike juu. Pale Ahero makapi hayo hayakosekani, na yanazuia joto vizuri. Koroga kabla ya kila kusoma, kwa sababu maji moto hukaa juu na kipimajoto kilichoning'inizwa juu kitampendelea muuzaji. Soma kila dakika 10, uandike.

Siku inayofuata rudia kila kitu na hita ya kuzamisha ya kilowati 1, pipa lilelile, makapi yaleyale. Hiyo ndiyo mizani yako: upotevu wa joto unakuwa sawa pande zote, kwa hivyo hauwi kisingizio tena.

Onyo moja: toboa katundu kadogo kwenye mpira, juu ya usawa wa maji. Mvuke ukikatika ghafla, ule uliobaki ndani unapoa na kunyonya maji ya pipa kurudi kwenye mashine. Kama kweli kuna unga wa nikeli wenye moto ndani na chemba ina ufa, hutaki maji yafike huko.

#7 BoilaYaNyalenda
Na upande wa stima? Mita yao ni ile klampu ya kushikwa mkononi, inayobana waya.

#8 Fundi_Kibuye
Hapo kuna mashimo zaidi. Nitayataja kwa mpangilio wa yale yanayotokea mara nyingi.

Klampu mita rahisi husoma sawasawa pale tu mkondo una umbo la wimbi laini. Sanduku likiwa na kidhibiti kinachokata wimbi, kama kile cha kupunguza mwanga wa taa, mita hiyo inasoma chini ya kweli, na kadiri wimbi linavyokatwa zaidi ndivyo inavyozidi kukosea. Pia klampu inaonyesha ampia za dakika hiyo tu. Hita ikiwaka na kuzima, muuzaji atakuita usome inapozimwa.

Dawa yake si ghali: mita ndogo ile ya wapangaji, ya kuhesabu uniti, uweke baina ya soketi na sanduku. Hesabu uniti mwanzo na mwisho, basi. Iwe yako, uifunge mwenyewe.

Halafu waya wa ardhini, ule wa kijani na njano. Mkondo ukirudishwa kupitia huo badala ya nyutro, mita fulani haiuoni. Bana klampu kuzunguka waya wa moto na nyutro tu kwa pamoja, ukiuacha wa ardhini nje: kama mambo ni halali, inasoma sifuri. Sanduku likae juu ya meza ya mbao kavu, mbali na bomba la chuma, na ekstensheni iwe yako.

Kwa wale watakaoletewa toleo kubwa la fezi tatu: klampu moja ikigeuzwa, fezi mbili zinajumlishwa na ya tatu inatolewa. Mzigo ukiwa sawa kwenye fezi zote, mita inasoma theluthi moja ya kweli. Hivyo tu umepata mashine "inayotoa mara tatu". Wala si lazima mtu awe mwizi. Ni mshale mdogo kwenye klampu umetazama upande usiofaa.

Nimtendee haki muuzaji pia: soketi ya ampia 13 kwa volti 240 haitoi zaidi ya kilowati 3.1. Kwa hivyo sanduku likipasha pipa kwa kilowati 6 kweli, mita ya uongo peke yake haitoshi kueleza.

#9 KikokotooKisumu
Hapo sasa unaingia muda. Kilowati 5 za ziada kwa saa moja ni uniti 5. Betri za lithiamu hubeba uniti 0.15 hadi 0.2 kwa kilo, kwa hivyo kilo 25 hadi 33 za betri zinatosha, na sanduku lina uzito wa kilo 40. Maonyesho ya saa moja hayawezi kutenganisha mashine ya ajabu na betri. Saa 24 ni uniti 120, na betri ya kuficha hizo ina uzito wa kilo 600 au zaidi. Usiku mmoja unamaliza ubishi. Pipa likipata moto, fungulia maji baridi yaingie na ya moto yatoke kwa kipimo, uendelee.

#10 Tumaini254
Mnaongea kana kwamba kila mtu ni tapeli. Andrea Rossi alionyesha mashine ya nikeli na hidrojeni pale Bologna, Italia, Januari 2011. Kampuni ya Marekani, Industrial Heat, ikamlipa dola milioni 11.5. Wanasayansi wakapima kule Lugano 2014 kwa siku 32 na kupata zaidi ya mara tatu. Marekani ikampa hataza (haki ya uvumbuzi) 2015. Watu hao wote ni wajinga?

#11 ChokaaYaKoru
Hoja nzuri, ijibiwe moja moja.

Milioni 11.5 ni kweli. Lakini kampuni hiyohiyo ilikataa kulipa milioni 89 zilizobaki, ikisema haikuweza kupata joto linalodaiwa ilipojaribu yenyewe. Rossi akaishtaki Miami 2016, na kesi ikaisha kwa makubaliano Julai 2017. Mwenye fedha na mwenye mashine walikaa pamoja miaka kadhaa, na hadi leo huwezi kuinunua dukani.

Lugano hawakupima maji. Walipima joto la nje ya bomba la kauri kwa kamera ya joto, wakakokotoa. Kamera kama hiyo lazima uiambie uso wa kitu unang'aa joto kwa kiwango gani katika mawimbi inayoyaona. Kauri ya alumina inang'aa vizuri katika mawimbi hayo na vibaya katika mengine. Ukiweka namba ya wastani mahali pa namba ya kamera, nyuzi zinapaa, na kwa kuwa mnururisho (nishati inayong'aa kutoka kwenye kitu) hupanda kwa kipeo cha nne cha joto halisi, kosa dogo linazaa nishati kubwa. Wangeliweka bomba ndani ya maji pasingekuwa na mjadala. Linganisha na pipa la Fundi hapo juu.

Hataza ile ni ya kipasha-majimaji. Ofisi ya hataza haichemshi maji ya mtu. Inaangalia kama wazo ni jipya na limeelezwa.

Kuhusu sayansi kufunga macho: wanakemia Fleischmann na Pons walipotangaza muungano baridi (viini vya atomu kuungana bila joto kali) kule Utah tarehe 23 Machi 1989, maabara nyingi duniani zilikimbia kujaribu. Google nayo ililipia timu ya watafiti kurudia, na jarida la Nature likachapisha 2019: hawakupata ushahidi. Mlango ulifunguliwa, chumba kilikuwa kitupu.

#12 Dada_wa_Maabara
Niongeze la kimtungi, kwa sababu linajipinga lenyewe. Kilo moja ya hidrojeni ikiungua hutoa uniti 33 hivi. Kilowati 5 kwa miezi 6 mfululizo ni karibu uniti 21,900, yaani kilo 650 na zaidi za hidrojeni. Kwa hivyo muuzaji hawezi kusema ni kuungua. Analazimika kusema ni nyuklia, nikeli ikimeza protoni (kiini cha hidrojeni) na kuwa shaba.

Sawa. Nikeli-62, aina moja ya nikeli, ikimeza protoni hutoa kama MeV 6 (MeV ni milioni ya eV, kipimo cha nishati ya atomu). Kilowati 5 zinahitaji mara milioni bilioni 5 kwa sekunde. Hata kama moja tu katika kila milioni ingetoa miale ya gama, ni miale bilioni 5 kwa sekunde kutoka kwenye sanduku lisilo na ukuta wa madini ya risasi. Kipima mionzi cha kawaida kikisogezwa kando yake kingelia mara moja. "Hakuna mionzi" si sifa ya mashine hiyo. Ni ushahidi dhidi ya maelezo yake.

Wengine hukwepa huko na kusema atomu ya hidrojeni inashuka chini ya kiwango chake cha mwisho, ile hoja ya Randell Mills wa Marekani. Kiwango hicho cha eV 13.6 kimepimwa kwa usahihi ambao vitu vichache vimewahi kupimwa. Mills amekuwa akikusanya mitaji tangu 1991.

#13 MpungaAhero
Lakini pampu za joto si hutoa mara tatu kihalali?

#14 Fundi_Kibuye
Hutoa, mara 3 hadi 4, kwa sababu zinahamisha joto la hewa, haziliumbi. Ukisikia mngurumo wa kompresa na upande wa nyuma unapuliza hewa baridi, umeletewa friji iliyogeuzwa. Si mbaya hata kidogo kwa dobi, ila inunue kwa bei ya friji. Kwa maji ya nyuzi 60 ni chaguo la maana. Kwa mvuke, za kawaida hazifiki.

#15 Dereva_MauSummit
Samahani kuchepuka. Je, vile vifaa vya maji kwenye matatu, vinavyotumia stima ya betri kutoa gesi ya HHO (hidrojeni na oksijeni) kwenye maji? Kuna wanaoapa wameokoa asilimia 20 Kisumu–Nakuru.

#16 KikokotooKisumu
Ndugu dereva, seli 6 kwa ampia 20 hutoa kama lita 1.25 za gesi kwa dakika. Ndani yake kuna gramu 4.5 za hidrojeni kwa saa, wati 150 za joto. Gari linalokunywa lita 8 za dizeli kwa saa linachoma kilowati 80. Umeongeza asilimia 0.2. Stima ya kutengeneza gesi hiyo ni wati 276. Altaneta inapoteza karibu nusu, injini inapoteza zaidi ya theluthi mbili, kwa hivyo umechoma karibu wati 1,800 za dizeli ili upate 150.

Asilimia 20 inatoka barabarani. Nakuru iko juu ya Kisumu kwa mita 720. Gari la tani 3 linahitaji kama lita 2 za dizeli kwa tofauti hiyo ya urefu peke yake, katika safari inayokula lita 20 hivi. Pima bila kifaa ukipanda, kisha na kifaa ukishuka, na umepata "akiba". Pima kwenda na kurudi, tangi likijazwa pampu ileile, gari kwenye sehemu ileile ya sakafu. Na dereva asijue siku gani kifaa kimewashwa, maana mguu wake hulegea akijua anapimwa.

Kinachoharibika: maji ya potashi yanachemka na kufurika hadi kwenye injini, altaneta inaungua, na moto ukirudi nyuma mtungi wa plastiki unapasuka chini ya boneti.

Stanley Meyer alikuwa na gari la maji kule Ohio. Mahakama ilimwona tapeli 1996 na kumwamuru arudishe dola 25,000.

#17 Dada_wa_Maabara
Turudi kwa sanduku, kuna usalama. Hidrojeni hushika moto ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 hewani, na mwali wake karibu hauonekani mchana. Chumba kiwe na tundu la hewa juu kabisa, si dirisha tu, kwa sababu gesi hiyo hupanda. Viungo vyote vipakwe maji ya sabuni. Unga mwembamba wa nikeli usivutwe puani, unaweza kusababisha kansa. Baadhi ya mashine hizi huficha hidrojeni ndani ya kemikali ya lithiamu na alumini ambayo ikikutana na maji hulipuka. Uliza kwa maandishi kuna nini ndani.

Na chochote kinachotengeneza mvuke chini ya shinikizo kazini kinaangukia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Omba cheti cha ukaguzi wa chombo. Asiye nacho hana haki ya kukiwasha jikoni kwako, kiwe cha nikeli au cha makaa.

#18 Tumaini254
Nakubali pipa. Muuzaji akikataa kwa kusema siri yake itaibwa?

#19 Fundi_Kibuye
Pipa haligusi siri. Halifungui sanduku hata skrubu moja. Mita iko nje, maji yako nje, kipimajoto kiko nje. Atakayekataa hajalinda siri, amelinda saa moja ya maonyesho. Amana isitoke kabla ya saa 24, na ikitoka, mkataba utaje uniti 9.3 ndani ya dakika 93 kwa pipa la kilo 200, si "mara 6".

#20 BoilaYaNyalenda
Nimechapisha #4, #6 na #8. Swali la mwisho: pipa la plastiki au la bati? Yaliyopo karibu ni ya plastiki, yale ya bluu.

#21 Fundi_Kibuye
La bluu ni sawa, hadi nyuzi 64 halilegei. Ila mdomo wa mpira usiguse ukingo. Ufunge kwenye kipande cha bomba la chuma kisimame katikati, sentimita 20 kutoka chini. Na upime kilo 200 kwa kujaza ndoo juu ya mzani. Usiamini mstari uliochorwa kwenye pipa.